Mstari wa Chini ya Tiketi

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, napanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Moshi, siku alipoingia mwanamume mmoja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema anataka tiketi za tamasha la muziki.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambayo kila mtu mjini alikuwa anaanzisha kitu. Aliyekuwa karani wa ushirika alikuwa anauza betri na sabuni zilizovuka mpaka, mwalimu alikuwa amefungua saluni sebuleni kwake, na nguo za mitumba zilikuwa zimejaa soko la Kiboriloni mpaka barabarani. Mimi mwenyewe sikuwa mtu wa kutulia. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Soweto, mjini palepale, na kila mwezi nilijiambia kwamba mwezi ujao nahama, naenda Dar, au Arusha, popote. Bosi wangu, mzee mmoja mpole aliyevaa miwani miwili kwa zamu, aliniambia nina siafu miguuni. Alinivumilia kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi.

Wakati ule bado tulikuwa tunachapa kwa herufi za madini ya risasi. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha chuma. Unaziokota moja moja kwenye trei, unazipanga kinyumenyume, kisha unazibana kwenye fremu pamoja na vipande vya mbao ili zisidondoke. Fremu ikibaki na nafasi tupu, herufi zinacheza, na zikicheza kazi imeharibika.

Yule mwandaaji wa tamasha alikuwa kijana bado, labda miaka thelathini na kitu, shati jeupe, viatu vimepigwa kiwi. Alizungumza haraka kama mtu anayekimbilia gari. Bendi nne kutoka Dar, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye kiwanja cha mpira. Moshi nzima itashuka, alisema, na watu wa milimani watateremka. Mimi niliyekuwa nasikia muziki wa bendi kupitia ukuta wa jirani tu, nilimsikiliza mpaka nikasahau wino mkononi.

Nilianza kazi mchana uleule. Jina la tamasha juu, bendi katikati, kiingilio, siku. Chini ikabaki nafasi ya mstari mmoja, na mbao za ukubwa ule zilikuwa zimekwisha. Ningeweza kukata nyingine. Msumeno ulikuwa palepale. Lakini kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mistari iliyokwishapangwa ya tiketi za basi, ambayo tuliifunga kwa uzi na kuitunza maana kazi ya basi ilirudi kila mwezi. Mmoja ulisema: Abiria atakayechelewa, fedha hazirudishwi. Nikafungua uzi, nikaacha "Abiria atakayechelewa" mezani, nikachukua maneno mawili ya mwisho. Yalienea kama yametengenezewa pale. Nikabana fremu, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake mwandaaji alipoletewa nakala ya kusahihisha, aliisoma yote kwa kidole. Kidole kilipofika chini kikasimama.

"Hii nani kaweka?"

"Nimeweka mimi. Nafasi ilikuwa imebaki. Kama hupendi nitaitoa."

Akacheka. "Usiitoe! Umenifikiria vizuri, dada." Siku alipokuja kuchukua mzigo, alichomoa tiketi moja kwenye bunda akanipa. "Hii yako. Bure kabisa."

Niliiweka ndani ya Biblia yangu, na kwa wiki tatu nilikuwa naifungua Biblia mara nyingi kuliko mama yangu angeweza kutumaini.

Gari lenye spika lilipita mjini kila jioni. Mabango yalibandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo vya stendi. Nilinunua gauni la bluu Kiboriloni nikalipunguza mwenyewe kiunoni. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa ajiandae kwa safari bila kuambiwa anakwenda wapi.

Jumamosi yenyewe nilifika kiwanjani saa nane mchana, mapema mno. Jukwaa lilikuwa nusu. Mbao zilikuwa zimelazwa upande mmoja, upande mwingine ni nguzo tupu, na fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo akila ndizi za kuchoma. Hapakuwa na spika wala waya. Watu walikuwa wanaongezeka getini, wamevaa vizuri, wengine na watoto. Ilipofika saa kumi tulikuwa umati. Nilizunguka kiwanja mara tatu, nikarudi getini, nikaondoka tena. Ilipokaribia saa kumi na moja mlinzi alipanda juu ya tofali akatangaza kwamba tamasha limeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa.

Watu wote waliangalia juu. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni.

"Limeahirishwa mpaka lini?" aliuliza mwanamke mmoja. Alikuwa mtu mzima, mrefu, amevaa kitenge cha kijani, na nyuma yake walisimama wanawake wengine wanne wenye kitenge kilekile. Viatu vyao vilikuwa na vumbi la mbali.

"Mtatangaziwa," mlinzi akasema.

"Na fedha zetu?"

"Mama, mimi ni mlinzi tu. Soma tiketi."

Yule mama akaitoa tiketi kwenye pindo la kitenge, akaisogeza machoni, akaiweka mbali. Kisha akanigeukia mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa karibu.

"Binti, hebu nisomee hapa chini. Macho yangu hayashiki maandishi madogo."

Nilisoma. "Fedha hazirudishwi."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Mmoja wa wenzake akasema, "Basi, imekwisha," na mwingine akaketi chini, akavua kiatu. Walikuwa wametoka kijiji cha Chekereni, aliniambia yule mama. Ni wakulima wa mpunga, wana kikundi chao, na tiketi zote tano alinunua yeye, wenzake watamlipa wakishavuna. Aliyasema hayo bila kulalamika, kama mtu anayetoa maelezo ya njia. Mimi nilikuwa nasikiliza, jasho likinishuka ndani ya gauni la bluu. Sikumwambia. Nilisema, "Pole sana, mama," nikaondoka karibu kukimbia.

Jumatatu asubuhi yule mama aliingia kiwandani kwetu. Nilimwona mlangoni nikadondosha trei nzima ya herufi ndogo.

Hakunifuata mimi. Alifuata anwani. Tiketi haikuwa na jina kamili la mwandaaji wala mahali anapopatikana. Anwani pekee iliyokuwapo ilikuwa yetu sisi wachapaji, pembeni, kwa herufi za kupekechua macho. Mtu alikuwa amemsomea. Alimwamkia bosi kwa adabu, akaweka tiketi tano juu ya meza yake.

"Mama, sisi tunachapa tu," bosi akasema. "Anayeleta karatasi ndiye mwenye maneno."

"Kwa hiyo na haya ya fedha hazirudishwi ni ya kwake?"

Bosi hakuwa anajua. Siku nilipoupanga mstari ule alikuwa Himo kwenye msiba. "Ni ya kwake," akajibu, kwa moyo mweupe kabisa.

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni naokota herufi. Niliokota herufi ileile mara tatu. Yule mama alipotoka nilimwomba bosi ruhusa ya dakika kumi, nikamkimbilia hadi kwenye kona.

"Mama, shikamoo. Najua mwandaaji anakokaa. Ni Soweto, mtaa wa nyuma ya kwangu."

Alinitambua. "Kumbe ni wewe uliyenisomea. Marahaba. Twende basi."

Mwandaaji hakuwapo. Mwenye nyumba alisema amesafiri kwenda Dar kufuatilia bendi. Dakika kumi zangu zilikuwa zimekwisha zamani, lakini sikuweza kurudi kazini nikaketi kwenye kigoda changu. Nikaendelea kumfuata. Tulikwenda kwenye ofisi iliyotoa kibali cha tamasha. Afisa alikuwa mstaarabu, akatupa viti. Alisema yeye anatoa kibali cha watu kukusanyika na kupiga muziki. Kama hawakupiga, hana la kufanya. Kisha akaichukua tiketi, akasoma chini, akamrudishia mama. "Na hata hivyo, mmekubaliana hapa."

Ofisi ya pili ilihusika na leseni za biashara na mizani. Pale kijana mmoja alituambia kwamba kuna jambo linaitwa kumlinda mlaji, alilisikia kwenye semina. Yule mama akauliza kama mlaji ni yule anayekula. Kijana akasema hapana, ni mtu yeyote anayenunua, awe amenunua unga au amenunua tiketi. Uso wa mama ukachangamka. Basi tumlinde, akasema. Kijana akaomba tiketi aone. Akasoma chini. "Aa," akasema, "lakini imeandikwa."

Polisi hawakutuzungusha. Hili ni la madai, walisema, nendeni mahakama ya mwanzo. Lakini yule askari wa mapokezi naye alisoma ule mstari, akatikisa kichwa na kumwambia mama asije akapoteza muda wake, maana maandishi ni maandishi.

Ofisi tatu, na kila moja ilikuwa imesoma maneno mawili ambayo mimi niliyafungua kwenye uzi ili nisishike msumeno. Tulipotoka nje tuliketi kwenye ukingo wa mtaro. Mama alinunua karanga, akanigawia. Sikuweza kuzitafuna.

"Mama," nikasema, "mwandaaji hakuyaandika yale maneno. Niliyaweka mimi."

Alikuwa anamenya karanga. Akaendelea kumenya.

"Niliyatoa kwenye tiketi ya basi. Kulikuwa na nafasi. Hakuna aliyeniambia niyaweke."

"Jumamosi uliponisomea ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Wanafunzi walipita, mkokoteni ukapita, mimi nasugua wino kwenye kucha zangu. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru. Badala yake akakunja karatasi ya karanga, akasimama.

"Nenda kazini," akasema. "Mimi naenda mahakamani kuuliza utaratibu. Nikikuhitaji nitakuja. Ukinikimbia tena, utajua mwenyewe na Mungu wako."

Alifungua shauri wiki ileile, akanitumia ujumbe kwamba atanihitaji kama shahidi. Jumapili nilipanda Machame kumwona mama yangu. Nilimkuta kihambani, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba, anamkatia ng'ombe majani. Nilimsimulia yote huku nikitembea huku na huko mpaka akaniambia nisimkanyagie miche ya kahawa. Alikuwa mjane, mshahara wangu ndio ulionunua dawa za ng'ombe na kulipa fundi wa paa.

"Usiende," akasema. "Bosi wako atakufukuza. Na kwa nini? Kwa ajili ya ngoma?"

"Si ngoma, mama. Ni fedha za watu."

"Watu waliotaka kwenda kucheza." Akaweka mundu chini. "Mwanangu, tamasha ni starehe. Mtu akipoteza starehe hafi. Wewe ukipoteza kazi, mimi naanza kuuza ndama."

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa ameniwekea mtori wa ndizi na nyama, nikaula wote. Kisha, akiwa ananifungia ndizi za kuondoka nazo, akaniuliza kitu cha ajabu. "Huyo mama wa Chekereni, kwani alitaka kusikiliza nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimezunguka naye mji mzima bila kumwuliza.

Siku mama wa Chekereni alipokuja kiwandani kuniambia tarehe ya shauri, nilimwuliza. Aliona aibu kidogo, akatengeneza kilemba. Alisema yeye na wenzake wana redio wanayoitundika mtini wakiwa wanafukuza ndege kwenye mpunga. Kuna bendi moja kati ya zile nne, mpiga gitaa wake anapiga kama mtu anayeongea. "Nilitaka kuona anafanyaje," akasema. "Redio haionyeshi vidole."

Bosi alikuwa amesikia sehemu ya mazungumzo yetu. Mama alipoondoka aliniita. Nikamweleza na yeye, mwanzo hadi mwisho. Alivua miwani ya kusomea akavaa ya kutembea, kama vile alitaka kuniona vizuri.

"Ulichomeka maneno kwenye kazi ya mteja?"

"Ndiyo, mzee. Lakini aliyaona kwenye nakala, akayapenda."

"Hiyo si hoja. Sasa unataka kwenda kutoa ushahidi dhidi ya mteja wetu mahakamani. Nani ataleta kazi hapa tena?"

"Sijui, mzee."

"Sitakuzuia," akasema. "Ila siku hiyo haina mshahara. Na ukitoka huko, mimi na wewe tutaongea."

Shauri liliahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza mwandaaji hakuja. Mara ya pili hakimu alikuwa na msiba. Kila mara yule mama alifika kutoka Chekereni amevaa kitenge chake cha kijani, akasikia neno "limeahirishwa", akageuka kurudi. Nilianza kulichukia neno lile. Siku hizo sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilipanga kadi za harusi za watu nikiwa nimekosea jina la bwana harusi, ikabidi kurudia.

Mara ya tatu mwandaaji alikuja. Shati lilikuwa lilelile jeupe, lakini kola ilikuwa imechakaa upande mmoja, na alikuwa amekonda. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na madirisha yalitazama uwanja wenye mbuzi. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, na pembeni yake waliketi washauri wawili wa mahakama, mzee mmoja na mama mmoja.

Mama wa Chekereni alieleza kwa ufupi. Nilinunua tiketi tano. Tulikuja. Hapakuwa na muziki siku ya kwanza wala ya pili. Mpaka leo hapajakuwa na muziki. Naomba nirudishiwe.

Mwandaaji akasimama. "Mheshimiwa, sikatai kwamba tamasha halikufanyika. Ila kila aliyenunua tiketi alinunua na masharti yake. Yameandikwa wazi." Akainua tiketi. "Fedha hazirudishwi. Kama mtu hakuridhika, angeacha kununua."

Hakimu akaisoma, kama wote walivyoisoma. Nilifikiri atasema, lakini imeandikwa.

"Mdai ana shahidi?"

Nilikwenda mbele. Niliapa, nikaeleza kuhusu nafasi iliyobaki, mbao zilizokwisha, na uzi. Mwandaaji aliruhusiwa kuniuliza swali.

"Je, si kweli kwamba nilikupa tiketi ya bure?"

"Ni kweli."

"Na ukaipokea?"

"Nikaipokea."

"Mheshimiwa, mtu huyu amekula na mimi, leo ananigeuka."

Watu waliokuwa kwenye mabenchi walinong'ona. Nilisimama pale miguu inaniwasha, natamani sakafu ipasuke. Ndipo yule mzee mshauri, aliyekuwa kimya muda wote kama anasinzia, aliposogeza kiti.

"Binti, umesema maneno ulitoa kwenye tiketi ya basi. Kwenye basi yaliandikwaje? Yote."

"Abiria atakayechelewa, fedha hazirudishwi."

"Kumbe kulikuwa na mtu mbele yake."

"Ndiyo, mzee. Niliyaacha mezani."

"Na basi lenyewe lisipokuja? Abiria yuko stendi na mzigo wake, basi hakuna. Inakuwaje?"

"Hurudishiwa nauli," nikasema. "Au hupewa basi jingine."

Mzee akamgeukia mwandaaji. "Sasa mwanangu, kwenye jambo hili aliyechelewa ni nani? Hawa akina mama, au bendi yako?"

Mabenchi yakacheka. Hakimu akagonga meza, lakini niliona na yeye amebana midomo. Mwandaaji hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alitanguliza fedha nyingi Dar, kwamba kiongozi wa bendi mojawapo alichukua malipo na hapatikani, na zile nyingine zilikataa kupanda gari bila kulipwa zote. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sababu yoyote zaidi ya hali ya hewa.

Hakimu aliuliza kwa nini hakuwaambia watu hivyo siku ileile. Mwandaaji akasema alifikiri wiki ijayo bendi zitakuja. Alifikiri hivyo kila wiki.

Uamuzi ulisomwa baada ya siku chache. Sikuwa na ruhusa ya kutoka tena, kwa hiyo mama wa Chekereni alikuja kunisimulia. Hakimu alisema sharti linalomkinga muuzaji dhidi ya mnunuzi aliyezembea haliwezi kumkinga muuzaji ambaye hakutoa alichokiuza. Anayechukua fedha ya kitu kisichofika lazima airudishe. Mwandaaji akaamriwa arudishe kiingilio cha tiketi zote tano, pamoja na gharama za shauri.

"Na watu wengine?" nikauliza. Umati wote ule getini.

"Niliuliza hivyohivyo," akasema. "Hakimu amesema mbele yake kuna tiketi tano tu. Wengine wakija na zao atawasikiliza."

Wengine hawakuja, au walikuja wachache sana. Habari zilipozagaa, baadhi walifika kiwandani kwetu na tiketi zilizofifia, wakidhani ndiko zinakorudishwa fedha, nami niliwaelekeza mahakamani. Wengi walikuwa wameshazitupa. Mwanamke mmoja wa Majengo aliniambia aliwashia jiko tiketi mbili, kwa hasira, siku ileile. Mtu mwingine alihesabu siku za kwenda na kurudi mahakamani, akaona zinamgharimu kuliko kiingilio, akaniachia tiketi yake mkononi na kwenda zake.

Mama wa Chekereni alilipwa kwa mafungu matatu. La mwisho alilipwa kwa taabu, baada ya kumsubiri mwandaaji mlangoni kwake tangu asubuhi na kikapu cha chakula. Alipokuja kuniaga alinipa kilo mbili za mchele mpya. Nilikataa. Akaniambia nisimfundishe namna ya kushukuru. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kunyoosha maneno, akaongeza: "Sijasahau kwamba ulinisomea huku unajua. Lakini ulikuja." Nilipika ule mchele siku tatu mfululizo.

Mwandaaji nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, njiani Soweto, amebeba godoro lililofungwa kamba. Alikuwa anahama. Nilitaka kuvuka upande wa pili lakini alikuwa ameshaniona.

"Dada wa herufi," akasema.

"Habari za siku nyingi."

"Nimerudisha za wale watano. Na wengine kumi na kitu. Nimeuza pikipiki." Alilishusha godoro, akafuta jasho. "Sasa niambie wewe unayejua sheria. Yule wa Dar aliyechukua za kwangu, mimi nani atanirudishia?"

Nilimwuliza kama walikuwa wameandikiana.

"Tulipeana mikono," akasema.

Nilimsaidia kujitwika godoro kichwani, akaenda zake kuelekea stendi.

Bosi hakunifukuza, na yale maongezi aliyoniahidi hayakufanyika. Alinipa tu ratiba za mazishi na kadi za harusi, kazi za tiketi akapanga mwenyewe, polepole, na miwani yake. Ilidumu hivyo hadi mwaka uliofuata, siku alipokuwa kliniki na akaingia mteja anayetaka tiketi za mashindano ya kwaya na bendi, ukumbini, na ukumbi wenyewe ulikuwa bado unajengwa. Nilipokea karatasi yake nikaisoma mpaka mwisho.

"Na isipofanyika?" nikamwuliza.

"Isipofanyika nini?"

"Shughuli yako. Watu watarudishiwa vipi? Tuandike hapa chini, na anwani yako."

Aliniangalia kana kwamba nimemtakia msiba. Akasema yeye amekuja kuchapisha, hakuja kuhojiwa. Nikamwambia mstari mmoja hautamwongezea gharama, nitaupanga bure. Akaichukua karatasi yake mikononi mwangu, akavuka barabara na kuingia kwa mchapaji mwingine.

Bosi aliporudi nilimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alifungua daftari la kazi, akalifunga. "Binti," akasema, "una haki. Lakini siwezi kuendesha kiwanda kwa haki yako." Hakuwa amekasirika. Nadhani kama angekasirika, ningebaki.

Niliaga kazi, nikamaliza mwezi. Nilimfundisha msichana aliyechukua nafasi yangu mahali ilipo kila herufi, nikampelekea mama yangu fedha ya dawa za ng'ombe ya miezi miwili, naye akaipokea bila kusema "nilikuambia", ingawa uso wake ulisema. Jumatatu iliyofuata nilipanda gari la Arusha, ambako nilikuwa nimesikia kwamba kuna kiwanda cha uchapaji kimeleta kompyuta lakini bado kinatafuta mtu anayejua kusoma kinyumenyume. Nilikaa kiti cha dirishani. Kabla hatujafika Boma, mji mdogo wa njiani, nilikuwa nimeshabadilisha kiti mara mbili.